Deni Lina Kalenda Yake

Mhadhara kwa wananchi, Mikumi, Wilaya ya Kilosa

 

Kila aliyemo humu amewahi kusimama makaburini akasikia tangazo lile. Udongo umeshashindiliwa, watu wanakung'uta mikono, msemaji wa familia anapaza sauti: kama kuna mtu anayemdai marehemu, ajitokeze aonane na familia, na kama kuna anayedaiwa na marehemu, naye ajitokeze. Nimelisikia tangazo hilo mara nyingi mno, na nina tabia mbaya ya kuhesabu wanaosogea. Wanaodai husogea, mmoja mmoja, macho chini. Wanaodaiwa huwa wameshapanda gari.

Mnacheka, lakini mtazameni mjane siku ile. Anasikia palepale kaburini kwamba mumewe alikopa kwa watu watatu, kwamba kadi ya pikipiki iko kwa bwana fulani wa Kilosa mjini, kwamba hata shamba lina mtu. Deni limekaa chumbani mwake miaka minne, limelala kitandani mwake, yeye halijui. Sisi ni watu wa ajabu: tunatangaza madeni ya maiti kwa sauti kubwa na kunong'ona ya walio hai.

Nimeombwa niseme namna nyumba yenye madeni mengi, ambayo jina lake limeshachafuka kwa wakopeshaji, inavyoweza kutoka. Mimi si mwanasheria wala si mtu wa benki. Nilikuwa karani wa hesabu kwenye ushirika, nimestaafu, nalima ufuta. Mengi nitakayosema nimeyaona nikiwa nyuma ya meza. Mengine, kama mtakavyosikia, nimeyaona nikiwa mbele yake.

Tuanze na maneno. Kiswahili kinatenganisha kuazima na kukopa. Ukiazima jembe unarudisha jembe lilelile. Ukikopa debe la mahindi unarudisha debe, lakini si mahindi yale, maana yale umeshayala. Kwa hiyo pesa haiazimwi. Hata hivyo sikilizeni tunavyosema: "Jirani, niazime elfu kumi." Hatusemi nikopeshe. Tunalipaka neno sukari ili ionekane kwamba noti ile itarudi ileile, na haraka. Ukitazama kamusi za zamani utakuta kukopa kulikuwa na maana ya pili, kulaghai. Wazee walioweka maana mbili katika neno moja hawakuwa wamelala. Na walikuwa na neno jingine ambalo sasa tumelibakiza kwenye hotuba za shukrani tu: kuwiwa. Anayekudai anakuwia, wewe unawiwa. Halina laghai ndani yake. Ni hali tu mtu anayokuwa nayo, kama kuwa na homa.

Sasa kalenda, maana ndiko nilikokuja.

Wilaya yetu ina kalenda tatu, na mara nyingi zote zinaishi nyumba moja. Kuna ya shamba. Mpunga na mahindi yanafuata mvua. Ufuta unauzwa kuanzia katikati ya mwaka, siku hizi kwa stakabadhi ghalani: unapeleka ghalani, unasubiri mnada, halafu unasubiri malipo. Kuna ya miwa, kwa ndugu zetu wa Ruhembe na Ruaha. Mkulima wa miwa hajipangii siku ya kuvuna. Zamu inapangwa, muwa unapimwa uzito na utamu wake, na fedha inakuja baadaye, mara moja, kwa wingi, kama mto Mkondoa. Na kuna kalenda ya Mikumi hapa, kalenda ya barabara. Malori ya Tunduma, ya Zambia na ya Kongo yanapita usiku na mchana. Basi likisimama dakika kumi mama ameuza mahindi ya kuchoma, chai na maandazi. Pesa ya barabara ni ndogo lakini ni ya kila siku, mpaka siku dereva wa basi atakapoamua kusimama mbele zaidi.

Babu zetu waliokata mkonge Kimamba na Rudewa waliijua ya nne. Ilikuwa kalenda ya kipande. Kipande kilikuwa karatasi yenye nafasi 30 za siku za kazi. Ukishindwa kumaliza sehemu yako leo, siku haikupigwa alama, na mshahara ulisogea mbele. Mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa angani. Mtu angeweza kuuona mwezi mwandamo mara mbili kabla ya kuuona mshahara mmoja. Katikati hapo alikula nini? Alikopa.

Deni nalo lina kalenda yake, na anayeiandika ni mkopeshaji. Mkopo wa mtaani leo unataka marejesho kila wiki, mwingine kila siku. Mwenye ufuta hana pesa ya kila wiki. Anayo ya Julai. Basi wiki ya kwanza anarejesha kwa kutumia mkopo wenyewe. Wiki ya pili anauza kuku. Wiki ya tatu anaazima kwa jirani, neno lile lenye sukari. Ya nne anamfuata mwenye mashine ya kukoboa na kumuuzia mpunga ungali kijani shambani kwa bei ya huruma. Kagera, kwenye kahawa, biashara ya namna hii iliitwa butura na serikali ikapigana nayo miaka mingi. Sisi hatujaipa hata jina, tunasema tu "nimeshauza." Nilipokuwa karani nilidhani watu wanazama kwa sababu ya uvivu au anasa. Wako waliokopa kwa ajili ya sare za harusi, sikatai. Methali ya kukopa harusi kulipa matanga haikutungwa bure. Lakini wengi niliowaona walikuwa wachapakazi waliochukua mkopo wa kalenda moja wakaupeleka kwenye nyumba ya kalenda nyingine.

Mkopo huo wa mtaani mnauita wenyewe kausha damu. Jina limetoka sokoni likafika mpaka bungeni. Tuufanyie hesabu, na mwenye simu afuate pamoja nami. Tuseme mama amechukua shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Riba ni 150,000. Mtaji hawezi kuutoa, kwa hiyo kila mwezi anatoa riba tu, ili wasije kuchukua friji. Baada ya miezi sita ametoa 900,000. Anadaiwa kiasi gani? Nasikia mtu anasema laki mbili. La, mama. Anadaiwa 500,000 zilezile.

Sasa sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018 na ikaanza kutumika Novemba 2019. Iliwapanga wakopeshaji katika madaraja manne: benki za huduma ndogo, kisha kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, kisha SACCOS, na chini kabisa vikundi vyetu, VICOBA na wenzao. Kausha damu ni wa daraja la pili, akiwa na leseni. Asipokuwa nayo hana daraja, ana kosa la jinai. Kwa daraja hilo Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Rudini kwenye simu zenu: asilimia 3.5 ya 500,000 ni 17,500. Miezi sita ni 105,000. Kati ya 105,000 na 900,000 kuna nyumba iliyoezuliwa bati.

Najua mtakaloniuliza: sheria iko Dodoma, bwana wa mkopo yuko hapa sokoni. Kweli. Lakini kujua namba hiyo kunabadilisha namna unavyokaa kwenye benchi lake. Mtu anayejua kwamba ameshalipa 900,000 juu ya 500,000 haombi huruma. Anasema: bwana, leta leseni yako na mkataba tuliotia saini, na tuviangalie vyote viwili kwa mtendaji wa kata. Nimeshuhudia mazungumzo ya namna hiyo yakigeuka ghafla kuwa ya kirafiki. Na kadi yako ya benki asiishike. Benki Kuu imekwisha kukataza jambo hilo.

Walimu wetu wanaijua habari ya kadi kuliko mtu yeyote. Mtumishi wa umma ana kinga moja nzuri, kwamba makato hayapaswi kula zaidi ya theluthi mbili za mshahara wake wa msingi. Theluthi moja ibaki, ale. Ilikuwa busara ya sheria ya mwaka 1970. Lakini theluthi inapobaki peke yake hadi tarehe 15 na mtoto amerudishwa ada, mwalimu anapita mlango wa nyuma na kuikabidhi kadi na namba yake ya siri. Ile theluthi iliyolindwa na sheria inakwenda kwa mtu ambaye sheria haimjui. Ninamwambia mwalimu kama nitakavyomwambia kijana wa mkopo wa simu: pesa ya kuziba pengo la siku kumi usiitafute kwa mtu anayelipwa na pengo lenyewe.

Simu nayo. M-Pawa ilipoingia mwaka 2014 tulishangaa: mkopo bila fomu, bila mdhamini, bila kupanda gari kwenda Kilosa. Nyingine zikafuata. Zilizo na kibali zina kasoro zake lakini zina anwani. Shida ni zile zisizo na anwani. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali. Mnayajua yalivyokuwa yakidai. Ukichelewa siku mbili, ujumbe unakwenda kwa mkweo, kwa mchungaji, kwa fundi aliyekutengenezea pasi mwaka juzi, kwa kila namba iliyomo kwenye simu yako: fulani ni tapeli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023 na ina Tume yake. Kutangaza deni la mtu kwa watu wasiohusika, kwa namba zilizochotwa kwenye simu yake, ni jambo la kulalamikiwa kwa karatasi, na ujumbe wenyewe ndio ushahidi. Usiufute kwa hasira.

Hapo ndipo nifike kwenye jina kuchafuka, kwa sababu watu wanachanganya mambo mawili. Kuna jina lako sokoni na kuna jina lako kwenye kanzidata. La sokoni linachafuliwa na ujumbe wa namna ile. La kwenye kanzidata ni jingine. Kwa Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2012, benki zinapeleka taarifa za wakopaji mahali pamoja, na ziko kampuni zilizopewa leseni ya kuzichakata; za kwanza ni Creditinfo na Dun & Bradstreet. Ukienda kuomba mkopo, afisa anafungua anaona: huyu alikopa, akalipa kwa wakati, huyu alichelewa siku 90, huyu aliacha kabisa. Haandiki kwamba wewe ni mtu mbaya. Anasoma tarehe.

Na tarehe ni kipofu. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja tuta ukaingia Kilosa mjini. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema, reli ya kati ikakatika kuelekea Gulwe. Waliokuwa na mikopo ya shamba walikuwa na shamba lililogeuka mchanga. Huku Mikumi mtu amepanda, amepalilia, tembo wametoka hifadhini usiku mmoja wakamaliza ekari mbili. Serikali hutoa kifuta jasho. Jina lenyewe linakwambia ukubwa wake, kinafuta jasho, hakilipi mkopo. Sijaona fomu ya benki yenye kisanduku cha tembo. Kwenye kumbukumbu, aliyenyang'anywa na mto na aliyekimbia na pesa wanaonekana sawa: siku 90.

Enzi ya Waingereza ilikuwa rahisi zaidi na mbaya zaidi. Sheria ya mikopo kwa wenyeji iliweka kwamba mfanyabiashara asiyekuwa Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kibali hakuweza kumdai mahakamani. Waliiita ulinzi. Matokeo yake ni kwamba nchi nzima ya wakulima ilikuwa na jina chafu tangu kuzaliwa, kabla hata ya kukopa senti. Nikilinganisha, afadhali ya leo: leo angalau jina linachafuka kwa jambo ulilofanya, au ulilodhaminiwa kulifanya.

Au ulilomdhamini mwingine. Hapa ndipo nilipokaa mbele ya meza.

Nilimdhamini shemeji yangu. Mnajua shemeji haombwi sababu. Alikopa kwa mkopeshaji mmoja ambaye sitamtaja, akarejesha miezi saba, akahama kutafuta mpunga bonde la Kilombero, simu ikawa haipatikani. Barua zilikwenda kwenye anwani yake ya zamani. Mimi nilijua siku nilipokwenda kuomba mkopo mdogo wa bati. Binti wa benki aligeuza uso wa kompyuta upande wake, akasoma, akaniita mzee kwa sauti ya upole sana. Ukiitwa mzee kwa sauti ile ujue kuna jambo. Nilitoka nikiwa nimekasirika kwa siku tatu, na sikumwambia mke wangu kwa miezi mitano. Mimi, karani wa hesabu! Miezi mitano nilikuwa nikitoa pesa ya ufuta kidogokidogo kwa siri kubwa kuliko mtu mwenye nyumba ndogo.

Kilichoniokoa ni mke wangu kuikuta barua kwenye mfuko wa koti. Aligomba, ndiyo, kwa haki. Kisha akauliza swali ambalo mimi mwenye kalamu sikuwa nimeliuliza: hizo risiti za shemeji ziko wapi? Tukazitafuta kwa dada yake. Mbili hazikuwa zimeingizwa kwenye hesabu ya mkopeshaji. Nikaandika barua, nikaambatisha nakala, nikapeleka mwenyewe na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Ilichukua muda, barua mbili zaidi, lakini marejesho hayo mawili yakaingizwa na deni likashuka. Mkopaji ana haki ya kuona kilichoandikwa juu yake na kupinga kisicho kweli. Asiporidhika na majibu, Benki Kuu ina dawati la malalamiko. Kilichobaki nililipa misimu mitatu ya ufuta. Nilipomaliza sikuondoka bila barua ya kumaliza deni yenye muhuri. Ninyi nanyi msiondoke bila hiyo. Deni lililolipwa kwa mdomo hufufuka.

Wakati jina liko chafu, watu huhangaika kutafuta mkopeshaji asiyetazama kanzidata. Ndipo kausha damu anapowapatia. Niseme neno ambalo wengine hawatalipenda: mlango wa benki kufungwa kwa mwaka mmoja au miwili ni nafuu kwa nyumba iliyokwisha kuzama. Umezuiwa kuongeza. Kenya walijaribu njia nyingine. Novemba 2022 benki kuu yao ilitangaza mpango wa kusafisha majina ya wakopaji wa simu wapatao milioni 4.2, benki zilitakiwa kusamehe angalau nusu ya deni la mikopo midogo ya siku 30 au pungufu, mkopaji alipe iliyobaki. Wakati huohuo ukaja mfuko mpya wa kukopesha kwa simu. Jina likasafishwa mkono huu, mkopo ukanyooshwa mkono ule. Sisemi walikosea. Nasema ningependa kuona daftari la nyumba moja, kabla na baada.

Basi tufungue daftari. Nyumba hii nimeitunga, msije mkatafutana. Baba ana ekari mbili za miwa Ruhembe. Mama ni mama lishe hapa stendi. Baada ya kula na kununua mkaa na unga wa kesho, anabakiwa na 5,000 kwa siku, siku 26 za mwezi, yaani 130,000. Wanadaiwa hivi: SACCOS 1,800,000, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Kausha damu 500,000, kwa asilimia 30. Kikoba 400,000, kwa asilimia 5. Duka la pembejeo 150,000, bila riba ila kwa kukwepa kupita mbele ya duka. Simu 85,000, na simu yenyewe tayari imefungiwa kukopa. Jumla 2,935,000.

Kila mtu akiona orodha hii macho yanakwenda kwenye SACCOS, kwa sababu ndiyo kubwa. Tazameni riba. SACCOS inakula 27,000 kwa mwezi. Kikoba 20,000. Kausha damu 150,000. Jumla 197,000, na mama ana 130,000. Nyumba inazama 67,000 kila mwezi hata kama hakuna anayeumwa. Na deni ambalo ni chini ya moja ya tano ya madeni yote linakula zaidi ya robo tatu ya riba yote. Hilo ndilo la kuua kwanza, kwa kitu chochote kinachouzika.

Wana mbuzi wanne. Kwa bei ya 70,000 kila mmoja ni 280,000. Wana friji ya sebuleni inayopoza maji ya kunywa. Wakiiuza wenyewe, kwa kuitangaza wiki mbili, 220,000. Jumla 500,000. Inauma. Lakini kitu unachouza kwa mkono wako kina bei. Kinachobebwa na watu wa marejesho kina bei yao. Mkopeshaji aambiwe mapema kwamba friji inauzwa ili alipwe yeye, maana ndiyo aliyoiandika. Alipwe mbele ya shahidi, aandike.

Mwezi unaofuata riba ni 47,000 tu. Katika zile 130,000 zinabaki 83,000. Mwezi wa kwanza unamaliza simu, pungufu ya elfu mbili. Miwili duka la pembejeo, na baba anaweza tena kupita barabara ile. Kisha kikoba, ambacho riba yake angalau inarudi kwao kwenye gawio. Kwa pesa ya barabara peke yake, ile ya maandazi na wali, madeni hayo matatu yanakwisha kwa takriban miezi minane.

SACCOS haisubiri miezi minane kwa kimya. Deni lile lina wadhamini wawili, majirani, watu unaoteka nao maji kwenye bomba moja. Baba aende ofisini kabla ya tarehe, pamoja na wadhamini wake, aseme: riba nitaleta kila mwezi, 27,000, mtaji nitaleta miwa itakapolipwa, 900,000 msimu huu na 900,000 ujao, naomba mkopo upangwe upya hivyo kwa maandishi. Nilipokuwa nyuma ya meza, aliyekuja kabla ya tarehe nilimsikiliza. Aliyekuja baada ya barua ya tatu nilimsikiliza pia, lakini nikiwa nimeshika kalamu nyingine. Bodi nyingi zitakubali, kwa sababu bodi inajua miwa inalipwa lini. Kalenda ya deni ndiyo imehamishwa ikakaa juu ya kalenda ya nyumba: madogo yanalipwa na barabara, kubwa linalipwa na shamba.

Kuhusu mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi mwaka 2024. Haina riba na ni ya vikundi. Ichukueni kwa biashara. Atakayeichukua kulipia kausha damu atawabebesha wenzake wa kikundi deni lake.

Na ikifika mahakamani? Hili nilitaka mama zangu walisikie vizuri. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, kifungu cha 48, inataja vitu ambavyo dalali wa mahakama hawezi kuvikamata kutekeleza hukumu ya deni: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa, mke na watoto, mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hawezi kuyavua, vifaa vya fundi, na kwa mkulima, zana zake na mbegu ambazo mahakama inaona anazihitaji ili aishi. Nyumba anayoishi na familia nayo imo. Tuliirithi sehemu kubwa kutoka sheria ya India ya Waingereza, na kwa hili sina ugomvi na urithi. Lakini kinga hiyo haifuniki kile ulichokiweka rehani mwenyewe kwa saini yako. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1999 inasema hivyo. Wanaokuja na pikipiki mbili jioni kubeba sufuria na godoro bila karatasi ya mahakama hawatekelezi sheria yoyote. Waulizeni karatasi, na muiteni mwenyekiti wa kitongoji kabla hawajafunga mzigo.

Iko pia sheria ya ufilisi, Sura ya 25, na wakala wa serikali, RITA, ndiyo yenye dhamana hiyo. Mtu anaweza kutangazwa mufilisi, mali yake ikagawanywa kwa wanaomdai. Kwa miaka yangu yote ya kazi sijakutana na mkulima wa wilaya hii aliyepitia njia hiyo. Sisi mufilisi wetu huhamia Ifakara.

Mzee pale mbele ananionyesha saa, na ni kweli basi la jioni la Kilosa halinisubiri. Nimekuja na daftari langu mwenyewe, hili hapa. Ukurasa wa leo una mstari mmoja: mdogo wangu wa Dumila, 120,000, tulipotibu mtoto Machi. Tumekubaliana ufuta ukilipwa. Mke wangu ametia saini pembeni, anaona naye ni mdeni. Nakaribisha maswali, tuanze na huyo dada aliyeshika barua.